Shule yetu ndogo ya UPE: nimwache binti yangu au nimhamishe?

Bi Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Uganda. Nimezaliwa kambi ya polisi Tororo, marehemu baba alikuwa konstebo, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu tangu hapo. Mume wangu ni dereva wa malori, tunamwona mara mbili kwa mwezi. Mimi nauza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni.

Binti yangu wa pili yuko P.3, darasa la tatu la msingi, kwenye shule ya serikali ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi bila ada, iliyo dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Ni shule ndogo, watoto wote hawafiki 230. P.1 wako 52, darasa la binti yangu 34, P.6 wako 22, P.7 wako 13. Walimu ni sita pamoja na mwalimu mkuu, na madarasa ni saba. Fanya hesabu mwenyewe.

Kilichoniletea usingizi wa mang'amung'amu ni matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwaka juzi walifanya watoto 9, wawili wakapata daraja la kwanza, kijiji kizima kikacheza. Mwaka jana wakafanya 12 na hakuna hata mmoja wa daraja la kwanza. Saba daraja la pili, watatu la tatu, mmoja la nne, mmoja akapewa U, yaani ameanguka. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja Jumapili na simu mkononi akanionyesha picha ya bango la shule ya kulipia mjini: wanafunzi 31 wa daraja la kwanza, nyuso zao zote zimechapwa. Akaniambia, "Shemeji, wewe unamzika huyu mtoto akiwa hai."

Shule hiyo ni shilingi 380,000 kwa muhula, na basi 120,000 juu yake. Basi la njano linapita barabarani kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hapa tulipo natoa kilo 15 za mahindi, kilo 5 za maharage na shilingi 10,000 za mpishi. Hata hizo wengine wanasema ni wizi, maana UPE ni bure.

Jambo jingine. Binti yangu anasoma Lusamia vizuri, lakini Kiingereza anagugumia. Mtoto wa shemeji, naye yuko P.3, anamwaga Kiingereza kama redio. Jirani yangu mmoja yeye amekata shauri, wanawe wanavuka mpaka kila asubuhi kusoma Kenya.

Mume wangu nikimpigia anasema, "Amua wewe uliye huko." Nitajuaje kama shule hii ni nzuri au mbaya? Mimi niliishia S.2, kidato cha pili.

Mama wa mtoto wa P.3, Busia

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza shemeji yako mwambie mtoto hajazikwa. Halafu tuzungumze.

Umeniandikia namba nyingi, na nimefurahi, kwa sababu wazazi wengi huniandikia "shule ni mbovu" na kunyamaza. Ila namba iliyokukosesha usingizi siyo ambayo ingenikosesha mimi.

Tuanze na hiyo ya PLE. Watoto 12 ni wachache mno kuhukumia shule. Mtihani una masomo manne, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na Dini, na kila somo lina alama ya 1 hadi 9, 1 ikiwa ndiyo bora. Ukijumlisha unapata agrigeti ya 4 hadi 36, na daraja la kwanza ni 4 hadi 12. Mtoto mwenye 12 ni wa daraja la kwanza, mwenye 13 ni wa la pili. Sasa chukua mtoto mmoja aliyeamka na malaria siku ya Hisabati, akapata 4 badala ya 3. Bango limekosa jina. Katika shule yenye watahiniwa 12 kila mtoto ni zaidi ya asilimia 8 ya matokeo yote. Ndiyo maana mwaka juzi mlicheza ngoma na mwaka jana mkavaa kaniki, na huenda walimu ni wale wale, chaki ni ile ile.

Kama unataka kuyatumia matokeo, nenda kwa mwalimu mkuu umwombe ya miaka mitano. Jumlisha watoto wote pamoja, kisha usihesabu wa juu, hesabu wa chini: wangapi walipata daraja la nne na U? Shule ndogo inayofanya kazi haiwezi kuzalisha vipanga kila mwaka, maana hiyo ni bahati ya nani kazaliwa kijijini mwaka gani. Inachoweza ni kutoacha watoto chini kabisa. Wawili kati ya 12 mwaka jana, mimi sikimbii kwa hilo. Na usisahau kwamba watoto wanaofanya PLE miaka hii ndio waliokuwa madarasa ya chini shule zilipofungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kwa wote Januari 10, 2022. Mtoto aliyekaa nje ya darasa wakati wa kujifunza herufi, ukimkuta P.7 na agrigeti 20, kuna mwalimu aliyetoka jasho hapo.

Sasa bango la mjini. Watoto 31 wa daraja la kwanza, kati ya wangapi? Bango halisemi, na halitasema. Nitakueleza kitu ambacho sijivunii. Nilipostaafu serikalini nilifundisha miaka michache katika shule moja ya kulipia. Kila mwisho wa P.6 tulikaa mezani na orodha. Mwenye dalili ya daraja la tatu alirudishwa darasa, na mzazi akikataa aliambiwa kwa upole atafute shule "inayomfaa". Wengine waliandikishiwa mtihani katika kituo kingine, jina la shule yetu likabaki safi. Orodha hiyo mwaka mmoja niliiandika mimi kwa mkono wangu. Tulikuwa na bango zuri sana.

Sisemi kila shule ya kulipia hufanya hivyo. Zipo zinazofundisha kweli. Lakini ukifika pale usiulize wangapi wamepata daraja la kwanza. Uliza kama wana namba yao wenyewe ya kituo cha UNEB, baraza la mitihani la Uganda, au watoto wao huandikishwa kwingine. Uliza kama shule imesajiliwa au bado inatumia leseni ya muda. Kisha omba kuona karatasi ya matokeo ya kituo, ile yenye majina yote toka wa kwanza hadi wa mwisho. Wakikupeleka tena kwenye bango, umeshajibiwa.

Namba iliyonishtua mimi uliiandika kama unapita njia: P.6 wako 22 na P.7 wako 13. Na P.1 wako 52.

Usiogope hiyo 52 bado. Serikali haigharamii chekechea, kwa hiyo katika shule nyingi za UPE P.1 hujaa watoto wa miaka minne na mitano walioletwa na dada zao, wanakaa humo mwaka wa kwanza na wa pili. P.1 ya shule ya kijijini ni chekechea iliyovaa sare. Na wala usitoe 13 kwenye 22, hao ni watoto tofauti. Unachotafuta ni hiki: P.6 ya mwaka jana ilikuwa na wangapi, na kati yao wangapi wameingia P.7 mwaka huu? Rejista zipo ofisini. Ukikuta walikuwa 15 na 13 wamepanda, nyamaza ulale usingizi. Ukikuta walikuwa 24, basi watoto 11 wamepotea, na swali ni wamekwenda wapi. Wamerudishwa P.6 ili wasiharibu matokeo? Basi shule yako inafanya yale yale ya mjini, bila bango. Wasichana wameolewa? Wavulana wanavusha mizigo? Mji huo wenu ndio ulioipa Afrika Mashariki nzima neno bodaboda, na mvulana wa miaka kumi na mitatu anaona hela mpakani kila siku. Muulize mwalimu mkuu juu ya mtoto mmoja mmoja. Mwalimu mkuu mzuri wa shule ya watoto 225 atakujibu kwa majina: yule amehamia Namayingo kwa bibi yake, yule baba yake amekataa, nimekwenda mara mbili. Hiyo ndiyo faida kubwa ya shule ndogo. Akikujibu "wazazi wa hapa hawajali elimu" na kukunja faili, hapo ndipo ningeanza kupata wasiwasi.

Walimu sita, madarasa saba. Ukigawa watoto kwa walimu unapata 37 au 38 kwa kila mmoja, na kuna walimu mjini wenye watoto mia na zaidi mbele yao ambao wangelia kwa wivu. Lakini mwalimu hagawanyiki hivyo. Madarasa ni saba, mwalimu mkuu ana vikao gombolola na wilayani, mwingine anauguliwa, na ghafla kuna madarasa matatu yenye watoto tu na ubao. Shule ndogo haiuawi na wingi wa watoto. Huuawa na siku ambazo hakuna mtu mzima darasani. Kwa hiyo swali lako la pili kwa mwalimu mkuu ni: mwalimu wa P.3 asipokuja, nani anaingia? Wapo wanaounganisha P.3 na P.4 kwa mpango, kundi hili linaandika wakati lile linasoma, na kazi inakwenda. Wapo wanaowaambia watoto wakafyeke uwanja.

Na jibu la kweli hulipati ofisini. Liko kwenye begi la binti yako.

Leo usiku toa daftari la Hisabati na la Kiingereza. Angalia tarehe. Hesabu siku zenye kazi tangu muhula ufunguliwe, ulinganishe na siku za shule zilizopita. Wiki sita ni siku 30. Ukikuta kazi 22 za Hisabati, mwalimu yupo. Ukikuta 9, mwalimu ana shamba au ana duka. Halafu tazama wino mwekundu. Je, kuna alama ya vema kwenye jibu lililokosewa? Hata wewe wa S.2 unajua saba mara nane. Mwalimu anayesahihisha bila kusoma huweka vema ukurasa mzima kama anapanda mahindi. Anayesoma utamkuta ameandika "rudia", na chini yake mtoto amerudia. Ukurasa wa masahihisho wenye machafuko ni bora kuliko ukurasa msafi ulionakiliwa ubaoni.

Kisha kusoma. Chukua hadithi fupi ya kiwango cha P.2, tena asiyoijua, maana ya kitabu chake ameshaikariri. Uwezo, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto, hutumia kiwango hicho hicho cha P.2 hata kwa wakubwa, na si ajabu kukuta wa madarasa ya juu wanaanguka. Mpe ya Lusamia asome kwa sauti, halafu mwambie akusimulie wewe kwa Kiswahili. Akiweza, mwanangu, shule hiyo imemfundisha kusoma. Si kutamka tu, kusoma. Mtoto ameitoa maana kwenye lugha ya darasani akaitia kwenye lugha ya mama yake. Kazi kama hiyo wapo watu wazima wanaolipwa mshahara kuifanya.

Kugugumia Kiingereza katika P.3 si ugonjwa. Mtaala ulioanza 2007 unataka P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, Kiingereza kikiwa somo, P.4 ndiyo ya kuvukia, na kuanzia P.5 ni Kiingereza. Shule za kulipia nyingi huanza nacho chekechea kwa sababu ndicho wazazi wanachonunua. Mtoto wa shemeji anamwaga Kiingereza, vizuri, lakini mfanyie jaribio lile lile: asome ukurasa asioujua, kisha aeleze. Umesema mwenyewe anamwaga kama redio. Redio haijui inachosema. Pengine ataeleza vizuri, na hapo nitavua kilemba. Cha kuangalia kwako ni nani atakuwa mwalimu wa P.4 mwakani. Huyo ndiye atakayembeba binti yako kuvuka. Akiwa dhaifu, P.5 itakuwa mlima, na sababu ya kumhamisha itakuwa imepatikana.

Sasa nenda shuleni, siku isiyo ya soko, saa mbili na nusu asubuhi, bila kuaga. Majengo yatazame kidogo tu. Bati linalovuja linaumiza, ila sijaona bati lililofundisha. Choo cha wasichana kikague, kina mlango na komeo? Wa kwako atakuwa P.6 kabla hujageuka. Angalia vitabu viko wapi, mikononi mwa watoto au vimefungiwa stoo vikiwa vipya, maana kuna walimu wakuu wanaotunza vitabu vya serikali kama vyombo vya harusi. Sikiliza madarasa. Kuitikia kwa pamoja kutwa nzima ni kelele. Unataka kusikia mtoto mmoja akijibu, na mwalimu akimuuliza "umejuaje?" Ukiona kiboko mezani, sheria ya watoto ilivyorekebishwa 2016 imekataza, na una haki ya kusema.

Pita kwenye ubao wa matangazo. Pawepo karatasi ya fedha za UPE: muhula huu zimeingia ngapi, zimetumika kwa nini. Karatasi hiyo ina historia. Mwaka 1996 ilifuatiliwa ruzuku ambayo serikali ilikuwa ikizipelekea shule za msingi, ikaonekana kwamba kati ya 1991 na 1995 kilichofika shuleni kilikuwa wastani wa asilimia 13. Zilizobaki ziliishia njiani. Ndipo serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizotumwa na kuzitaka shule zibandike zilizopokea. Kwa hiyo karatasi ikiwepo, yenye tarehe ya mwaka huu, mwalimu mkuu wako hana cha kuficha au anaogopa kuficha. Yote mawili yananitosha. Na fungu hilo kwa sehemu kubwa huhesabiwa kwa vichwa vya watoto, ndiyo maana shule ndogo hukosa hata chaki mapema. Kila mzazi anayehama anaondoka na kipande chake.

Mahindi si wizi. Sheria ya elimu ya 2008 inakataza kutoza ada kwenye shule za UPE, lakini chakula cha mtoto imekiacha mikononi mwa mzazi. Kosa ni kumfukuza mtoto ambaye kwao hawakutoa. Uliza posho, yaani ugali, inapikwa kila siku au wiki mbili za kwanza tu, na nani ana ufunguo wa stoo. Mtoto aliyekunywa uji saa nne anasoma mchana, asiyekunywa anasinzia, na hapo hata mwalimu awe nani.

Jirani yako wa Kenya, ni haki yake, ila ajue mtaala wa kule ni mwingine. Wao hawafanyi PLE, na mtoto akirudi huku katikati kuingia S.1 atasumbuka. Mimi nisingevuka labda nimeamua nabaki ng'ambo mpaka mwisho.

Ushauri wangu: mwache mpaka mwisho wa mwaka, ukishaangalia daftari na rejista. Shilingi 500,000 kwa muhula ni 1,500,000 kwa mwaka, na una watoto watatu. Wakianza kurudishwa nyumbani kwa ada muhula wa pili, hilo ndilo litakalowavuruga. Daftari likiwa tupu na rejista ikikupa majibu mabaya, basi usingoje Desemba, na hata hapo anza kwa kuuliza shule nyingine ya serikali iliyo jirani kabla ya basi.

Kuhusu basi lenyewe. Linapita saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo mtoto wa miaka minane au tisa anaamshwa saa kumi na nusu. Shemeji yako akija Jumapili ijayo, muulize kama yuko tayari kuja kumwamsha.

Bi Mwalimu